Kapteni Ngojea na Maji ya Luberizi

Nilifika Bukavu nikinuka ndagala. Lori lililonibeba kutoka Uvira lilikuwa limejaa magunia ya samaki hao wadogo wakavu, na sisi abiria tulipangwa juu yake kama mzigo wa ziada. Na Uvira haikuwa mwanzo wa safari. Nilitoka Lubumbashi kwa gari la moshi ambalo lilisimama lilipotaka na kuondoka lilipotaka, nikafika Kalemie, nikapanda boti la mizigo, nikashuka Uvira, mji nilimozaliwa. Nilikuta nyumba yetu imejaa wapangaji nisiowajua. Nikalala kwa shangazi siku chache, halafu miguu ikaanza kuniwasha. Miguu yangu iko hivyo tangu utotoni. Babu zangu walikuja kutoka mashariki wakitembeza vitambaa, na mimi nadhani nilirithi kutembea bila kurithi vitambaa.

Ninyi vijana mnaosoma lugha mkitafuta kazi kwenye mashirika, mnaniuliza kila mara nilipataje Kiingereza. Nilikipata kambini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, vita vilipotukimbiza. Mwalimu wetu alikuwa mkimbizi kama sisi, na kitabu chake kilikuwa maandishi yaliyochapwa kwenye magunia ya unga wa msaada. Mpaka leo najua kusema kwa Kiingereza safi kwamba bidhaa hii haiuzwi. Hukohuko nilimaliza sekondari, na hukohuko niliokota Kiswahili hiki ninachowaandikia, ili msomaji wa popote asikwame. Lakini watu wa Kivu nitawaacha waseme kama walivyosema.

Basi, lori. Kwenye mlima wa Ngomo, pale barabara inapong'ang'ania mwamba na bonde lote la Ruzizi linaonekana chini kama kitambaa kilichoanikwa, injini ikakataa. Dereva alikuwa Mtanzania. Abiria mmoja, mama mwenye makreti ya nyanya, alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi, na Kiswahili chake kilimpita dereva kama upepo. Nikajitia katikati. Yule mama alinyoosha kidole na kumwita dereva mujinga mutoto ya mujinga, mwenye anaendeshaka gari sawa anachunga nguruwe. Nikamgeukia dereva nikasema, "Mama anaomba tusubiri kidogo, injini ipoe."

Ndani ya kabini, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani akaangua kicheko. Akatoa kichwa dirishani.

"Mutoto, ile tusi uliiweka wapi?"

"Tusi gani, Maman?"

"Ule maman alitukana chofere mupaka nguruwe. Wewe unasema eti injini ipoe. Njo ninauliza: ile tusi iko wapi? Iko mu mufuko yako?"

"Nilitaka basipigane, Maman."

"Amani ya bongo inaozaka sawa ndagala ya kuloba. Lakini sauti, uko nayo. Lundi unapita kwenye ninatumika, tukuone."

Huyo, aliyeuita uongo bongo kama tunavyouita kwetu, alikuwa Maman Nabintu, mwalimu wa zamani wa Bukavu, wakati huo mkuu wa wakalimani wa askari wa kofia za bluu, wale wa kulinda amani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Nilifika Jumatatu nimeoga mara mbili, na bado mlinzi wa lango aliniuliza kama ninauza samaki.

Maman Nabintu hakufundisha kwa hotuba. Alifundisha kwa kukanyaga mguu. Ukiongeza neno, anakukanyaga. Ukipunguza neno, anakukanyaga mara mbili. Alinifundisha kusimama nyuma ya bega la msemaji, si kando yake, ili watu wamtazame yeye. Alinifundisha kula kabla ya kwenda, kwa sababu mkalimani mwenye njaa hupokea muhindi wa kuchoma kutoka kwa mtu, na mtu huyo kesho atadai maneno yake yawe matamu. Na alinifundisha kusema "mimi". Msemaji akisema "ninaumwa", usiseme "anasema anaumwa", sema "ninaumwa". Sheria hiyo ilinitesa. Ofisa mmoja aliwaeleza wanawake wa soko la Minova kwamba ana mabinti watatu na kwamba anapika mwenyewe nyumbani. Nikatafsiri kama nilivyofunzwa. Mpaka nilipoacha kazi kulikuwa na maman mmoja Minova aliyenisalimu kila mara, "Papa wa basichana, leo ulipika nini?"

Sasa siku hizi mna simu zinazotafsiri. Sizidharau. Askari mmoja kijana aliwahi kuileta yake na kuiweka mbele ya mama mmoja wa Luberizi, kule bonde la Ruzizi, mama nitakayewatajia sasa hivi. Mama akasema na simu kwa heshima zote, kwa Kiswahili cha kwetu. Simu ikanyamaza. Akasema tena. Simu ikaleta habari za hali ya hewa. Mama akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili: "Pole, papa. Hii haikusoma."

Katika miaka yangu nilitafsiria vikosi vya nchi nyingi. Wengine walikuja na ngoma, wengine na pilipili za kwao. Lakini kikosi ninachotaka mkijue kilitoka nchi moja ndogo ya baridi, ambayo haina muungano wa kijeshi na nchi yoyote. Haiingii vita vya jirani wala haichagui mshindi. Jeshi lake lipo la kulinda nyumba yao, basi. Ili askari wake hata mmoja avuke mpaka kwenda kulinda amani ya wengine, lazima wabunge wakae, wabishane na wainue mikono. Na wakikubali, wanakubali kwa kipimo: watu kadhaa, kazi fulani, mahali fulani, mpaka tarehe fulani. Ukitaka kuzidisha hata kijiko, unarudi kuuliza.

Hao walipewa ruhusa ya kazi ya uhandisi. Kituo chao kilikuwa Bukavu, na kazi yenyewe ilikuwa bondeni, Luberizi: kujenga vani, yaani mlango wa chuma wa kugawa maji ya mfereji mkubwa wa mpunga, na kuisimamia kama watu wasio na upande mpaka wenyeji watakapoweza wenyewe. Kiongozi wao alikuwa kapteni mrefu, mpole, aliyegeuka rangi ya nyanya kila jua lilipopanda. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "ngojea". Akiombwa chochote nje ya kipimo, alisema "ngojea", akaenda pembeni kupiga simu. Luberizi haikuchelewa kumbatiza. Kapteni Ngojea.

Mnapaswa kuelewa kilichokuwa hatarini. Mfereji ule unatoka kwenye mto, unapita kwanza mashamba ya juu, kisha unashuka kwa watu wa chini. Wa juu wakifunga maji, mpunga wa chini unageuka nyasi za kuezekea. Msimu mmoja kabla ya kikosi kufika, vijana wa pande mbili walikutana pale mferejini na mapanga. Kijana mkubwa wa Maman Feza, yule mama wa simu, aliyeongoza wakulima wa chini, alikatwa mkono. Mkono ulibaki mwilini lakini haukuweza tena kushika jembe. Tangu siku hiyo Maman Feza hakusema neno na Papa Kashindi, mkuu wa watu wa juu, ingawa walisali kanisa moja na mabenchi yao yalifuatana.

Hapo ndipo nilipokutana na kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha. Watu hao wawili, wakikaa kwenye kikao kimoja, walikataa kusemeshana. Walisema na mimi, Rama, ambaye wao walimwita tonton, yaani mjomba.

"Tonton Rama," anaanza Maman Feza, akitazama milima, "uambie ule muzee mayi iko inakauka kwetu."

Papa Kashindi, aliye karibu kiasi cha kuweza kumgusa, anatazama ndege. "Tonton, ile maman anasema nini?"

"Papa, mayi iko inakauka kwetu."

"Uambie ile maman kama Mungu hakuleta mvua, mimi si Mungu."

Ninageuka. "Maman, kama Mungu hakuleta mvua, mimi si Mungu."

Siku ya kwanza Kapteni aliniinamia sikioni. "Si wanasema lugha moja?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Sasa wewe unatafsiri nini?"

Nikamwambia angojee. Alicheka mpaka akalazimika kuvua kofia.

Kosa kubwa la mwanzo lilikuwa la mbuzi. Papa Kashindi alileta beberu mnene, kamba mkononi. "Kapiteni, hii njo karibu yetu. Mukule, munone, mutumike." Kapteni akasema ngojea, akaenda pembeni, akarudi na jibu: hawezi kupokea zawadi ya upande mmoja. Kwao hiyo ni heshima. Kwetu, mtu aliyekataa mbuzi wako amekwisha kula wa adui yako.

"Basi ulishakula ya bale ba chini!" Papa Kashindi akafoka, na kabla ya jua kutua maji yalikuwa yamefungwa. Naye Maman Feza, ambaye hakutoa hata kifaranga, akasikia kwamba anasingiziwa kumlisha mzungu, akaja na wanawake wake na majembe.

Nikampigia Maman Nabintu. Alisikiliza, akatafuna kitu, akasema, "Mbuzi haina upande kama iko mu sufuria moja na mbuzi ingine."

Nikalipeleka wazo kwa Kapteni: kila upande ulete mbuzi wake, wapikwe pamoja palepale mferejini, watu wote wale, na askari wakae nao wakila chakula chao cha makopo, mchango wao uwe kuni na chumvi. Kapteni akasema ngojea. Sijui lugha yao, lakini nilisikia wazi kwamba mtu aliye upande wa pili wa simu hakuamini, na Kapteni akawa anarudia jambo lile polepole, akionyesha ukubwa wa mbuzi kwa mkono kana kwamba mwenzake anamwona. Mwisho ruhusa ikaja.

"Bunge ya kwenu inaruhusiaka mupaka chumvi?" aliuliza Papa Kashindi, mdomo umejaa.

Siku hiyo ndipo Kapteni alipowaeleza kwa urefu mambo ya bunge lake. Nilitafsiri, na watu waliacha kutafuna.

"Ngoja kwanza," alisema Papa Kashindi. "Wewe iko na bunduki. Ule anakukataza iko na nini?"

"Ana kura," nilisema kwa niaba ya Kapteni.

"Kura tu?"

"Kura tu."

Papa Kashindi aliweka nyama chini ili acheke vizuri. "Huku kwetu bunduki njo inatoaka ruhusa! Haiyaomba hata siku moja!"

Maman Feza hakucheka. "Tonton Rama, uambie ule muzee aache kucheka. Mimi minapenda ile inchi. Bunduki yake iko na mama mwenye kuiuliza: unaenda wapi, unarudia saa ngapi?"

Nikamgeukia Papa Kashindi kumpa ujumbe. Akainua mkono. "Nilisikia," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Kazi ikaenda. Zege likamwagwa, chuma kikashuka Ngomo kwa lori lililotembea kama bibi harusi. Lakini muda wa ruhusa nao ulikuwa unakwisha. Vani ilikuwa imefika nusu na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni. Kama askari wangeondoka wakati ule, ufunguo wa maji ungebaki mikononi mwa yeyote atakayeushika kwanza, na kila mtu Luberizi alijua atakayeushika kwanza angekuja na panga. Huko kwao wabunge waligawanyika. Wengine walisema askari wakikaa mahali muda mrefu mno wanaanza kuwa na upande, na nchi isiyo na upande haiwezi kulipia jambo hilo. Kabla ya kura, wakatuma wenzao waje waone kwa macho. Swali lilikuwa moja: askari wetu bado hawana upande?

Habari hiyo ilipofika bondeni, nilitembelewa. Kwanza Maman Feza.

"Tonton, nikikosea mu maneno, utaninyooshea, ee?"

"Sitanyoosha, Maman."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo. Ukisema, imesemwa."

"Mungu wangu! Roho yako ni jiwe."

Kisha Papa Kashindi, aliyekuja kwa siri huku kila mtu akimwona. "Mimi siombi mingi. Tafsiri yangu tu iwe murefu kupita ya ile maman."

Kapteni hakuniomba lolote. Asubuhi ya wageni nilimkuta anang'arisha viatu ambavyo vilikuwa vinang'aa tangu jana.

Waliongozwa na mama mfupi mwenye nywele nyeupe. Tuliambiwa ndiye aliyekuwa akipinga zaidi kule bungeni. Aliposhuka garini hakwenda kwenye viti. Alikwenda shambani, akang'oa shina la mpunga wa msimu uliopita, akalitafuna, akatema. Ndipo akaketi. Turubai lilikuwa limefungwa juu ya vani, watu wa juu mkono wa kulia, wa chini mkono wa kushoto, na mimi katikati nikitoka jasho la pande zote mbili.

Akauliza mara moja, kwa Kiingereza, bila kuzunguka: "Hawa askari ni wa nani?"

Maman Feza akasimama. Alikaza kitenge, akakohoa, akawasifu kwa sifa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwetu.

"Hawa ni betu. Ni batoto betu kabisa, ba mu tumbo. Bale ba juu bakifunga mayi, hawa banasimamaka na sisi. Mungu abapatie maisha."

Watu wa chini wakapiga vigelegele. Na mimi nikasimama pale na sentensi ile mdomoni kama kaa la moto.

Vijana, sikilizeni hapa, kwa maana siku moja itawafika. Kati ya wageni wale hakuna aliyejua Kiswahili. Ningeweza kusema, "Wanatusaidia sote sawasawa." Kila mtu angefurahi, na kikosi kingebaki. Lakini Maman Feza alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wa nchi ya mbali kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema neno lake. Kama ningelibadilisha, angekuwa hakusema kitu. Ningekuwa nimemnyamazisha mbele ya watu wote, na yeye bado anatabasamu. Nikasema, kwa sauti yake, kwa joto lake: hawa ni wetu, ni watoto wetu wa tumboni, wale wa juu wakifunga maji hawa husimama nasi.

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea kushoto. Mbunge akamgeukia Kapteni. Kapteni akatazama viatu vyake.

Kisha nyuma yangu, mkono wa kulia, kiti kikaanguka.

"Bongo!"

Papa Kashindi alikuwa amesimama. Hakunitazama. Hakutazama ndege. Alimtazama mama aliyekuwa mbele yake.

"Feza! Bamekuwa benu tangu lini?"

 Alikuwa amemtaja kwa jina, bila kupitia kwangu.

Nilimwona Maman Feza anatafuta macho yangu, kwa mazoea. Halafu akayaacha. "Kashindi, bakia chini! Ni betu tangu siku ulifunga mayi siku ya soko na bakakuya kukuambia fungua. Ulinuna wiki muzima!"

"Nilinuna ju ni betu! Mutoto ya mwingine utamununia ya nini? Na batoto yako bale, siku balirudia na mapanga, nani alibanyanganya? Si hawa? Hapo balikuwa na nani? Si na mimi?"

"Nilibaletea kuku!"

"Balikula?"

"Balikataa!"

"Na mbuzi yangu balikataa! Sasa benu namna gani, benu namna gani, mutu hajakula hata mufupa kwako?"

"Na kwako balikula nini?"

"Sijabaona kula kitu! Banakunyua mayi ya kwao, ya mu chupa!"

"Basi!"

"Basi nini?"

"Basi usiseme ni benu!"

Na mimi nilikuwa natafsiri yote kwa wageni. Nilikuwa Feza nikigeukia kulia na Kashindi nikigeukia kushoto, nikipiga kelele walipopiga kelele, nikinyoosha kidole walipokinyoosha, kwa maana hasira nayo ni sehemu ya ujumbe. Nilijiita mwongo mara kadhaa na nikajijibu. Mbunge mmoja kijana alijifunika uso kwa kofia. Yule mama wa nywele nyeupe alijaribu kukaa kimya kama kanisani, ikamshinda, mabega yakaanza kutikisika. Watu wa pande zote mbili nao wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha bila woga, maana walikuwa wanaona kitu ambacho hawakukiona tangu siku ya mapanga: Feza na Kashindi wanagombana wenyewe, ana kwa ana, kama watu.

Yule mama mbunge akainua mkono kuomba nafasi. "Swali la mwisho. Ni kitu gani msichokipenda kwa askari hawa?"

Nikatafsiri. Wote wawili wakajibu kwa pamoja, kama kwaya:

"Banangojeshaka!"

"Kila kitu ngojea," akaongeza Papa Kashindi.

"Ngojea, naenda kuuliza," akamalizia Maman Feza, akimwiga Kapteni na simu sikioni. Wakatazamana kwa mshangao, kwa kuwa wamekubaliana.

Yule mama alikwenda kwa Kapteni akampa mkono. Sikutafsiri alichomwambia kwa lugha yao, lakini Kapteni alinieleza baadaye garini. Yule mama alikuwa amemwambia: "Sasa nimeelewa bili yenu ya simu."

Wageni walipokwenda kula, wale wawili walikuwa bado wanabishana. Nilikaa chini ya turubai, nikanywa maji, sikumsemea mtu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupumzika Luberizi.

Kura ilipigwa siku tulipokuwa tunafunga chuma cha mwisho cha vani. Kapteni alikuwa ndani ya mfereji, matope mpaka magotini. Safari hii hakupiga simu, alipigiwa. Alisikiliza mpaka watu wakaacha majembe. Alipomaliza alitafuta Kiswahili chake chote, akakosa, akainua mkono wake mmoja juu kabisa.

Papa Kashindi alielewa kwanza. Akainua wa kwake. Kisha watu wa juu, kisha wa chini, mafundi, wanawake wenye makarai ya mchanga, mstari mzima wa mfereji, mikono juu. Ng'ambo ya pili nilimwona kijana wa Maman Feza. Alikuwa ameuinua mkono ule wenye kovu, kwa kadiri ulivyoweza kupanda, na mama yake alikuwa ameushika kwa chini ili upande zaidi.

Maji yalipita kwa zamu msimu ule, na msimu uliofuata. Mpunga wa chini ulisimama mpaka kiunoni. Malori yaliyokuwa yakipandisha ndagala Ngomo sasa yalipandisha mchele, na pale soko la Kadutu, Bukavu, niliwasikia wauzaji wakipiga kelele, "Luberizi mupya! Luberizi mupya!" hata kwa mchele ambao haukuwahi kuiona Luberizi. Nilisikia fahari kama vile nimeulima mimi.

Ruhusa ilipofika mwisho wake, safari hii hakuna aliyeomba nyongeza. Vani ilikuwa imekamilika na ufunguo ulikuwa kwa kamati ya watu wa pande mbili, waliochaguliwa na wenyewe. Kikosi kiliondoka tarehe ileile iliyosemwa. Mkataba wangu nao ulikwisha, na miguu ilikuwa imeanza tena kuwasha. Nilikwenda kumuaga Maman Nabintu nyumbani kwake, pale mtaa wa Nguba, ziwa likionekana kati ya mapaa ya nyumba. Nilitegemea ataniambia nibaki.

"Enda," alisema. "Mukalimani mwenye anabakia kwa batu banaelewana, iko anangojea chakula tu." Halafu akanikanyaga mguu, mara moja, taratibu.

Nilishuka Ngomo juu ya lori la masanduku ya bia tupu, kuelekea Uvira na kwingine. Luberizi lori lilisimama kupoza injini, na mimi nikasogea mferejini kuangalia. Kulikuwa na kikao. Mbele ya watu alisimama mwanamume nisiyemjua, ameshuka milimani na vijana wake, bunduki begani. Wazungu wamekwenda, alikuwa anasema, sasa vani inataka ulinzi, na yeye yuko tayari kukaa pale na kushika ufunguo.

Maman Feza alimsikiliza mpaka mwisho. "Papa, aksanti. Ni nani alikutuma?"

"Nani anitume? Mimi ni komanda."

"Tunaona. Lakini ni batu gani baliinua mikono?"

Mtu yule akamtazama Papa Kashindi, mwanamume kwa mwanamume, akitafuta msaada. Papa Kashindi akasimama polepole, akageukia watu wake na watu wa Feza.

"Wenye banapenda huyu papa akae ku vani na bunduki yake, bainue mikono."

Hakuna mkono uliopanda. Kuku alipita katikati ya kikao, akadonoa punje, akaenda zake.

"Wenye habapendi?"

Nilihesabu kwa macho nikashindwa. Hata watoto. Vijana wa yule komanda wakaanza kutazamana, mmoja wao akashusha bunduki begani na kuishika kwa kitako chini, kama fimbo ya mzee.

Komanda akageuka akaniona mimi, mtu wa pembeni, mwenye mfuko wa safari. Akanijia karibu, sauti ya chini.

"Tonton, hawa batu banasema nini?"

Alikuwa amesikia kila neno, na kwa lugha yake. Dereva wangu alipiga honi.

"Mimi nilishaacha kazi, ndugu yangu," nikamwambia. "Ubaulize benyewe."

Nikapanda lorini, nikakaa juu ya masanduku, uso kuelekea Uvira.